Hesabu ya Bibi na Kipimo cha Dukani

Kipimo cha mimba siku hizi kinapatikana kwa pesa ya soda. Unaingia duka la dawa muhimu, lile ambalo zamani tuliliita duka la dawa baridi, unasema "naomba UPT", muuzaji anavuta droo, anakupa kipakiti chembamba cha karatasi ya kung'aa pamoja na chenji yako, na aliyesimama nyuma yako hajui umenunua nini. Hakuna anayeuliza jina la mume. Hakuna anayekukagua kidoleni kama una pete. Mimi ujana wangu niliumalizia katika maabara ya hospitali ya wilaya mkoani Tanga, nikipokea vichupa vya mkojo dirishani, na kila nikimwona binti anatoka dukani akitia kipakiti kile kwenye pochi, nafurahi. Kisha furaha inanipungua, maana najua vipimo vingi vya namna hiyo vitatumbukizwa mkojoni kabla ya siku yake kufika.

Zamani shida yetu ilikuwa kinyume. Habari ilichelewa, na mara nyingi ilimfikia mwenyewe baada ya kuwafikia wengine.

Bibi mzaa mama, mtu wa Pangani, hakuwahi kuona maabara kwa ndani. Lakini siku zake alizijua barabara, kwa tarehe za mwezi mwandamo. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani atafanyaje bila hesabu hiyo? Akiwa mwezini haswali wala hafungi, na siku za Ramadhani zilizompita hana budi kuzilipa. Kwa hiyo anajua aliingia lini, alitwaharika lini, na mwezi wa nyuma mambo yalikwendaje. Bibi alikuwa na kikombe cha bati kilichong'oka mkono, akitia humo punje ya hindi kila siku inapopita. Akiona siku zake, anazimwaga punje kwa kuku na kuanza upya. Punje zikizidi kiasi alichozoea, alinyamaza. Aliacha mwezi wa pili uandame, ndipo akamnong'oneza shoga yake uani kwamba hajaona siku, na huu ni wa pili.

Wake vijana walisomwa na wazee. Wakitazamwa mshipa wa shingo unavyopiga, wakitazamwa nani kaanza kukimbia harufu ya vitunguu vikikaangwa, nani anamega udongo wa ukutani akidhani haonekani. Hata wazee wakishajua, hawakutangaza. Mimba changa haisemwi, kuna kijicho. Ikiwa katika kipindi hicho cha kunyamaza damu ilikuja, hata ikija nyingi na kwa maumivu, ilisemwa kwamba siku zilichelewa tu mwezi huu. Mtu akaoga, akafua, akarudi shambani.

Shuleni hesabu ile haikuwa na thamani. Nilisoma bweni miaka ya sabini. Wiki ya kwanza ya muhula, tukitoka likizo, tulipangwa foleni nje ya chumba cha wagonjwa. Unaingia, unalala chali juu ya kitanda cha chuma kilichotandikwa mpira mwekundu, unafunua tumbo, na mikono ya matroni inashuka chini ya kitovu inabonyeza, kulia, kushoto, katikati. Ule mpira ulikuwa wa baridi, ukinata mgongoni. Tuliokuwa nje tulihesabu muda mwenzetu anaokaa ndani, na akikawia tulianza kutazamana. Hakuna hata siku moja aliyeulizwa: mwezi uliopita uliingia lini?

Baadaye, nilipoingia kwenye kazi ya vipimo, ndipo nilipoelewa jinsi utaratibu ule ulivyokuwa wa kubahatisha. Mji wa mimba hujificha nyuma ya mfupa wa kinena mpaka karibu wiki ya 12. Kabla ya hapo vidole vya juu ya tumbo havigusi kitu. Msichana mwenye mimba ya mwezi mmoja alipita Januari akicheka, akakamatwa muhula ukikaribia kwisha. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili aliijua mimba yake siku ile ile tulipoijua sisi sote, asubuhi, tukiwa paredi. Mchana sanduku lake la bati lilikuwa kituo cha basi.

Mambo hayo yaliendelea muda mrefu kuliko vijana wa leo wanavyodhani. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi afukuzwe kwa kosa la maadili, na ujauzito ukahesabiwa humo. Ilikuwa Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alipotangaza kwamba wanafunzi wanaokatisha masomo kwa ujauzito waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Yule wa kidato cha pili angekuwa bibi wa wajukuu kwa mwaka huo.

Nilianza kazi maabara mwanzoni mwa miaka ya themanini, nyakati zile za uhaba, sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi. Mkojo uliletwa kwenye kichupa cha penisilini, kile kidogo chenye kizibo cha mpira, kimeoshwa na kufungwa kwenye pindo la kanga. Wengine walitoka vijijini alfajiri kwa miguu ili mkojo wa kwanza wa asubuhi usije ukashinda juani. Tuliwakumbusha wakisuuze kichupa mpaka sabuni iishe, kwa kuwa mabaki ya sabuni yaliharibu majibu. Mkojo wenye damu au protini nyingi nao ulitudanganya.

Kipimo chenyewe kilifanyika juu ya kioo cheusi. Unaweka tone la mkojo, unaweka tone la dawa yenye antibodi, unakoroga kwa njiti na kusubiri kidogo. Unaongeza tone la maji meupe ya lateksi, unakoroga tena, kisha unakishika kioo kwa mikono miwili na kukizungusha taratibu chini ya taa kwa dakika mbili hivi. Macho hayabanduki. Yale maji meupe yakianza kukatika madongemadonge, mwenye mkojo hana mimba. Yakibaki laini, bila hata chenga moja, anayo. Wanafunzi waliokuja kwetu kwa mafunzo walichanganyikiwa sana na hilo, kwamba jibu la ndiyo ni pale ambapo hakuna kinachotokea. Sababu yake ni kwamba homoni ya mimba, ile inayoitwa hCG, ikiwemo kwenye mkojo huwahi kuzikamata antibodi zote, lateksi ikikosa kitu cha kuigandisha.

Ila homoni ilipaswa kuwa nyingi. Vipimo vile vya kioo vilihitaji uniti elfu moja hadi elfu tatu hivi kwa lita moja ya mkojo. Karatasi iliyokuja ndani ya kiboksi ilitaka mwanamke awe amepitiliza karibu wiki mbili. Ndiyo maana swali la kwanza dirishani lilikuwa moja kila siku: "Umepitiliza siku ngapi?" Mama wa kijijini mwenye kanga mbili alijibu hapo hapo, kwa mwezi mwandamo. Karani wa ofisini alitazama dari. Asiyefikisha aliambiwa arudi, akarudi. Sikumbuki aliyegomba. Kungoja kulikuwa sehemu ya kipimo, na waliokuja walikuwa tayari wamekwisha kungoja nyumbani.

Wapo niliowasikitikia. Majibu tuliyaandika kwenye kikaratasi, na mara nyingi aliyekuja kukichukua alikuwa mume, au mama mkwe. Mwenye tumbo alisimama nyuma, ameinamisha kichwa. Na dawa ilipokwisha, au friji ya mafuta ya taa ilipozimika, dawa ikaharibika kwa joto, tulibandika tangazo dirishani kwamba kipimo hakuna, na watu wakarudi na vichupa vyao.

Hata hivyo tulikuwa na nafuu kuliko waliotutangulia. Selmar Aschheim na Bernhard Zondek, kule Berlin mwishoni mwa miaka ya ishirini, walikuwa wakiwadunga panya jike wachanga mkojo wa mwanamke, kisha baada ya siku kadhaa wanawapasua watazame ovari zao. Marekani wakatumia sungura kuanzia 1931. Halafu akaja chura. Chura mwenyewe ni Mwafrika, yule wa Afrika Kusini mwenye kucha miguuni, na habari zake zilianzia Cape Town, alikokuwa akifanya kazi Mwingereza Lancelot Hogben. Chura jike akidungwa mkojo wa mjamzito hutaga mayai kabla ya siku kwisha, na hafi, anaweza kutumika tena baada ya kupumzika. Kwa miaka mingi vyura wetu walisafirishwa kwenda Ulaya kuwaambia mabibi wa huko kama ni wajawazito. Jambo hili huwa nawasimulia wajukuu, hawaniamini.

Mwanamke kujipimia nyumbani ni wazo la mwanamke. Mwaka 1967 Margaret Crane, mchoraji aliyeajiriwa na kampuni ya Organon huko New Jersey kubuni vifungashio, aliona mirija ya vipimo vya mimba imepangwa maabara na akajiuliza kwa nini mwenye mkojo asifanye mwenyewe. Akatengeneza kifaa kutokana na kikopo cha plastiki cha vibanio vya karatasi alichokuwa nacho mezani. Wakubwa wake hawakupenda, waliona kitawaudhi madaktari. Hataza ilitoka kwa jina lake, yeye akaiuza kwa kampuni kwa dola moja, na dola hiyo hakuipata. Kipimo kiliuzwa Kanada mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mwishoni mwa miaka hiyo kikafika madukani Marekani kwa dola 10 hivi. Ulitakiwa kukiacha kimetulia saa mbili bila kutikiswa, na uwe umepitiliza siku tisa. Hiki kijiti cha dakika tatu kilianza kuuzwa 1988.

Vipimo vya leo ni vya ajabu, nakiri. Kijiti cha kawaida cha dukani kinanasa homoni ikiwa uniti 25 tu kwa lita. Ndani ya karatasi yake kuna antibodi zilizobebeshwa chembe za rangi. Mkojo ukipanda unazizoa, na homoni ikiwemo hunaswa pamoja nazo kwenye mstari wa T. Mstari wa C unaonyesha tu kwamba kijiti kinafanya kazi. Usipotokea, tupa, hata kama T imejichora. Cha bei ndogo kinatafuta homoni ile ile kinayoitafuta cha bei kubwa, mradi hakijapitwa na tarehe wala kuingia unyevu.

Lakini hakuna kijiti kinachoweza kunasa homoni ambayo mwili haujaanza kuitoa, na hapa ndipo wanangu wa siku hizi wananichosha.

Mtoto wa kaka yangu, aliyeolewa Dar es Salaam, alinitumia picha WhatsApp kabla hata jua halijachomoza. Nikampigia.

"Shangazi, shikamoo. Umeiona?"

"Marahaba mwanangu. Nimeiona."

"Ikuze. Kuna mstari wa pili, pembeni ya T."

Nikaikuza kwa vidole mpaka ikawa ukungu mtupu. "Naona kivuli. Siku zako ulitakiwa kuziona lini?"

"Bado, Shangazi. Simu inasema Jumatano."

Ilikuwa Alhamisi. Alikuwa ameanza kupima tangu mwanzo wa wiki, kila asubuhi kijiti kimoja, kila kijiti kimepigwa picha mara kadhaa, dirishani, chini ya taa, juu ya karatasi nyeupe. Nikamwuliza mwezi uliopita aliingia tarehe ngapi. Akaniambia simu inajua. Na mwezi wa kabla yake? Simu pia.

Simu haijui. Programu ile inachukua wastani wa miezi iliyoandikiwa, inarudi nyuma siku 14, inaweka duara la rangi na kukwambia yai limepevuka. Mwili hauna habari na duara. Safari, homa, msiba, mfungo, hata furaha, vinaweza kusogeza yai mbele kwa siku kadhaa. Likisogea, kila kitu kinasogea nalo. Yai likirutubishwa halishiki papo hapo, linasafiri kwenye mrija kwanza, likifika kwenye mji wa mimba linajipachika. Watafiti wa Marekani, Allen Wilcox na wenzake, walichapisha mwaka 1999 kwamba kujipachika huko hutokea kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kupevuka, na kwa walio wengi, asilimia 84 ya mimba zilizodumu, ilikuwa siku ya 8, ya 9 au ya 10. Homoni inaanza kumwagika hapo. Inaanza kidogo mno, kisha inaongezeka maradufu kila baada ya siku mbili tatu.

Kwa hiyo anayepima wiki moja kabla ya siku zake anapima jambo ambalo huenda halijatokea. Na hata ile siku yenyewe ya kutarajia hedhi, watafiti hao hao walikuta mimba moja kati ya kumi bado haijajipachika. Ukisubiri mpaka wiki moja ipite tangu siku hiyo, zinazokosekana ni chache sana, kama tatu katika mia. Kwa hiyo nawaambia wote wanaonipigia simu: kama una haraka, pima siku ya kwanza baada ya kupitiliza, lakini jibu la hapana usiliamini. Liamini la wiki moja baadaye. La ndiyo, likitoka wazi, ni la kweli karibu mara zote.

Yule binti hakuweza kungoja. Jumamosi mstari ukawa mstari kweli, akalia kwa furaha, akamwambia mumewe, mume akamwambia mama yake huko Moshi. Wiki iliyofuata ukafifia. Kisha damu ikaja, siku chache tu baada ya ile Jumatano.

"Shangazi, imetoka."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, sikuyasema yote. Wilcox huyo huyo na wenzake waliwahi kufuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto, wakipima mikojo yao kila siku maabara, wakachapisha mwaka 1988. Asilimia 22 ya mimba zilizoshika zilitoka kabla mwenyewe hajajua kama ana mimba. Zaidi ya moja katika tano! Wanawake wale hawakuwa wagonjwa, wala hawakuwa wamenyanyua ndoo nzito au kumwudhi mtu. Mara nyingi mimba ya mwanzo kabisa hutoka kwa sababu mpangilio wake wa kurithi ulikosea tangu yai na mbegu zilipokutana. Nilimwambia hilo, na kwamba hakufanya kosa lolote. Ambalo sikumwambia ni kwamba bibi yangu angemwaga punje kwa kuku akasema zimechelewa, na siku hiyo angekula vizuri. Binti huyu alipewa huzuni yenye tarehe, yenye picha tele kwenye simu, yenye mama mkwe anayepiga kuuliza.

Namuonea huruma kwa kuwa haikuwa lazima. Kijiti kile kile, kingefunguliwa wiki mbili baadaye, kingempa jibu na kumpunguzia msiba.

Wengine wanakimbilia vichekesho. Naletewa video za mtandaoni: mkojo na chumvi, mkojo na sukari, mkojo na dawa ya meno ya nyumbani. Nikiwa mtu wa maabara nasema hivi: dawa nyingi za meno zina chokaa, na mkojo wenye tindikali ukikutana na chokaa unatoa povu. Mwambie mumeo naye akojoe mjaribu, mtakuta na yeye ana mimba. Sukari huyeyuka au huganda kwa mambo yake yenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoijua hCG.

Wapo ambao kupitiliza hakuwaambii chochote, nao husahauliwa kila mara na maelezo ya kwenye pakiti. Anayenyonyesha anaweza kushika mimba kabla hata hajaona siku zake za kwanza tangu ajifungue. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa muda mrefu bila kuona kitu. Mwingine mzunguko wake haueleweki tangu alipovunja ungo. Hawa wahesabu kutoka siku ya tendo lisilo na kinga: wiki tatu zikitimia, kipimo kina la kusema. Na anayetibiwa ugumba akadungwa sindano ya kupevusha yai yenye hCG ndani yake, asipime mapema, atasoma sindano akidhani anasoma mtoto. Aliyetokwa na mimba hivi karibuni naye anaweza kuendelea kupata mistari miwili kwa wiki kadhaa, kwa kuwa homoni haiondoki kwa siku moja. Vidonge vya uzazi wa mpango na dawa za kawaida za kuua vijidudu haviharibu majibu, ingawa mtaani wanasema vinaharibu.

Mengine ni ya mkono tu. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, hasa siku za mwanzo, na usinywe maji mengi usiku kwa nia ya kuupata kwa wingi, unauzimua. Usizamishe kijiti kupita alama ya mishale. Weka saa. Soma ndani ya muda ulioandikwa, mara nyingi dakika tatu hadi tano, kisha kiache. Kijiti kikikauka huchora kivuli cha kijivu pale penye T, na nimeletewa vijiti vya jana vilivyookotwa kwenye ndoo ya taka ili nitoe hukumu. Kivuli cha kijivu si jibu. Mstari wa kweli una rangi, hata ukiwa mwepesi, na ukirudia baada ya siku mbili tatu unakoza.

Isidhaniwe natamani zama za punje. Kuchelewa kulitugharimu. Wanawake tuliowapokea kliniki miaka ile walikuja na miezi mitano, sita, wengine tumbo limekwisha kushuka. Mrija wa neva wa mtoto, ule unaokuwa ubongo na uti wa mgongo, hufungika ndani ya wiki nne tangu mimba kutungwa, wakati mama wa zamani alikuwa bado anautazama mwezi kungoja mwandamo wa pili. Vidonge vya foliki asidi vilimkuta amechelewa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonwe mara nane, ya kwanza kabla wiki ya 12 haijapita, na kipimo cha dukani ndicho kinachomwezesha mwanamke wa leo kuiwahi hiyo ya kwanza bila kuomba ruhusa ya mtu. Ukipata mistari miwili, kesho yake nenda kliniki. Usingoje tumbo lionekane.

Wala sisahau habari ya mama mdogo. Alikuwa amepitiliza tu, ndivyo ilivyosemwa nyumbani, siku zimechelewa. Alishikwa na tumbo usiku, upande mmoja, akaanguka akienda uani, na asubuhi haikumkuta hai. Sisi watoto tuliambiwa ni jicho la mtu. Miaka mingi baadaye, nikiwa na koti jeupe, nilisoma dalili za mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, nikafunga kitabu nikatoka nje.

Mimba ya namna hiyo nayo hutoa homoni, nayo huchora mistari miwili, mara nyingine hafifu. Kijiti hakijui mimba imekaa wapi. Ndugu yangu unayesoma hapa, andika tarehe ya kila mwezi unapoingia, kwenye daftari au nyuma ya mlango, popote, kwa mkono wako. Ukipitiliza, subiri wiki, kisha pima. Lakini ukiwa umepitiliza, na tumbo likakuuma sana upande mmoja, au damu ikatoka kidogo kidogo, au ukasikia kizunguzungu au maumivu begani, usipime tena nyumbani hata kama kipimo cha jana kilisoma mstari mmoja. Amsha mtu akupeleke hospitali usiku huo huo, na ukifika, kitu cha kwanza umwambie daktari ni tarehe.